Beethoven au Dvořák, Kwaya au Fidla: Namna ya Kuchagua Katika Msimu wa Okestra ya Simfonia

Okestra ya simfonia inayohudumia mji wa mkoani, mbali na majiji yenye makundi mashuhuri, haiwezi kuishi kwa kupiga aina moja tu ya muziki. Wanunuzi wa tiketi ni walewale mwaka mzima na kila mmoja ana mapenzi yake, kwa hiyo ratiba ya msimu hupangwa kwa mchanganyiko: simfonia kubwa ya kufungulia, konseto ya piano au ya fidla yenye mpigaji mgeni, kazi ya kwaya wakati wa Krismasi au Pasaka, onyesho la watoto mchana wa Jumamosi, jioni ya muziki wa filamu, na siku hizi kazi moja au mbili za watunzi weusi ambao kwa miaka mingi hawakuingizwa katika ratiba yoyote. Katika nchi za kaskazini mwa dunia msimu huo huanza Septemba na kumalizika Mei au Juni.

Mkazi wa Dar es Salaam hukutana na ratiba ya namna hiyo kwa njia kadhaa. Wapo wanaokwenda Nairobi kikazi, ambako Nairobi Orchestra imekuwa ikipiga tangu miaka ya 1940. Wapo wanaosoma au kufanya kazi ng'ambo. Na wapo wanaofuatilia matangazo ya intaneti, kwa kuwa okestra nyingi siku hizi hurusha baadhi ya maonyesho yao bila malipo. Shida ya wote ni moja, nayo ni kwamba majina yaliyo kwenye ratiba ni mageni na maelezo yake yote ni ya kusifu. Ushauri unaotolewa mara nyingi ni kwamba mgeni aanze na kazi iliyo maarufu kuliko zote, yaani Simfonia ya Tano ya Beethoven, kisha apande polepole. Ushauri huo haumfai kila mtu, kwa sababu unamchukulia msikilizaji kana kwamba hajui lolote kuhusu muziki, ilhali sikio la mtu aliyekulia Dar es Salaam limekwisha kufundwa na kwaya, taarab au dansi. Katika ulinganisho huu nimeziweka kazi mbilimbili, kama zinavyoweza kukutwa katika msimu mmoja, na kwa kila jozi nimejiuliza ni sikio gani litakalonufaika na kazi ipi.

Kwaya: Masiha ya Handel au Misa ya Wafu ya Mozart

Mtu yeyote aliyewahi kuimba kwaya, au aliyeishi nyumba moja na mwanakwaya, ningemshauri aanzie hapa na si kwenye simfonia. Jijini humu ni vigumu kukuta parokia au usharika usio na kwaya, na mwanakwaya aliyefundishwa vizuri ana ujuzi ambao wasikilizaji wengi wa kumbi za Ulaya hawana: anasoma nota za do-re-mi, anatambua pale ambapo sauti ya tatu inamezwa na ya nne, na amezoea kungoja zamu yake huku sauti nyingine zikipishana. Ujuzi huo unatosha kabisa kuzifuata kazi hizi mbili tangu mwanzo hadi mwisho.

Kazi ya Masiha iliandikwa na George Frideric Handel mwaka 1741, kwa siku 24 tu, kuanzia tarehe 22 Agosti hadi 14 Septemba, na ilisikika hadharani kwa mara ya kwanza mjini Dublin tarehe 13 Aprili 1742. Lilikuwa onyesho la hisani ambalo mapato yake yaligawanywa kati ya hospitali mbili na mfuko wa kuwalipia madeni wafungwa, na wafungwa 142 walitolewa gerezani kwa fedha hizo. Waandaaji waliwaomba wanawake wasivae sketi zenye pete za kutanulia na wanaume wasije na panga, ili watu wengi zaidi waingie ukumbini, ombi ambalo kamati yoyote ya harambee ya kwaya ingelielewa bila kufafanuliwa. Maneno yote yamechukuliwa katika Biblia na kupangwa na Charles Jennens, kwa hiyo msikilizaji anayemfahamu Isaya, Zaburi na Ufunuo hapotei hata kama hakipendi Kiingereza cha zamani.

Wimbo wa "Haleluya" unajulikana sana hapa kwetu, ingawa mara nyingi huimbwa kwa kinanda kimoja. Anayeusikia pamoja na okestra kwa mara ya kwanza hushangazwa na jambo ambalo kinanda hakiwezi kulionyesha: ngoma za timpani hazipigwi hata mara moja kabla ya wimbo huo, unaofunga sehemu ya pili kati ya sehemu tatu, na mpigaji wake hukaa kimya zaidi ya saa nzima akingoja. Desturi ya hadhira kusimama wakati wa "Haleluya" bado ipo katika nchi nyingi zinazozungumza Kiingereza, ijapokuwa ile hadithi ya Mfalme George wa Pili kwamba ndiye aliyesimama kwanza haina ushahidi thabiti. Jambo la kuangalia kabla ya kununua tiketi ni urefu. Masiha nzima huchukua takriban saa mbili na nusu bila kuhesabu mapumziko, na okestra nyingi za mikoani hupiga sehemu ya kwanza pekee wakati wa Krismasi na kuongeza "Haleluya" mwishoni. Hayo ni maonyesho mawili tofauti kabisa hata kama jina lililo kwenye bango ni lilelile.

Misa ya Wafu ya Mozart ni fupi zaidi, kwa kuwa haifiki saa moja, na historia yake ni ya kusikitisha. Mwaka 1791 mjumbe asiyetaja jina la bwana wake alimwendea Mozart na kuagiza kazi hiyo. Bwana huyo alikuwa kabaila aitwaye Walsegg, aliyefiwa na mkewe na aliyekuwa na mazoea ya kuonyesha kazi za watu wengine kama zake. Mozart alifariki tarehe 5 Desemba 1791 akiwa na umri wa miaka 35 kabla hajaimaliza, na aliyeikamilisha ni Franz Xaver Süssmayr, aliyekuwa akifanya kazi naye. Wataalamu wameendelea kubishana ni wapi mkono wa mmoja unaishia na wa mwingine unaanzia, na baadhi ya okestra hupiga matoleo yaliyokamilishwa upya na watu wa karne ya 20, jambo ambalo ratiba nzuri huwa inalitaja.

Kinachoitofautisha zaidi na Masiha ni rangi ya sauti. Mozart hakutumia filimbi wala oboe, ala za kupuliza zenye sauti ya juu, akabakiza klarineti za sauti nene, fagoti (ala ya kupuliza yenye sauti ya chini), tarumbeta, tromboni na timpani pamoja na ala za nyuzi, kwa hiyo muziki wote unatoka chini, na pale tromboni moja inapopiga peke yake kabla ya mwimbaji wa besi kuingia, ukumbi mzima huonekana kunyamaza zaidi ya ulivyokuwa umenyamaza. Katika Masiha waimbaji wa pekee na kwaya hupokezana kwa utulivu, mmoja akisimulia na wengine wakijibu. Katika Misa ya Wafu kwaya ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya mzigo.

Mkatoliki anayejua Kyrie, Sanctus na Agnus Dei zinapokaa katika Misa ataifuata kazi ya Mozart kwa urahisi, na aliyelelewa katika nyimbo za Kilutheri au Kianglikana zenye mistari ya Maandiko atajisikia nyumbani zaidi kwa Handel. Kwa anayeweza kwenda mara moja tu, chaguo langu ni Mozart, na sababu yake si ubora bali kalenda: Masiha hurudi kila Desemba na atakayeikosa mwaka huu ataikuta mwakani, lakini Misa ya Wafu haina mwezi wake na inaweza kupotea kwenye ratiba ya okestra ndogo kwa misimu kadhaa. Aliyefiwa karibuni apime mwenyewe kama wakati umefika.

Mpigaji mmoja mbele ya wengi: fidla ya Mendelssohn au piano ya Tchaikovsky

Msomaji asiyependa kazi zenye maneno ya ibada, au ambaye masikio yake yamelelewa na taarab badala ya kwaya, ana mlango wake, nao ni konseto. Hii ni kazi ambamo mpigaji mmoja hutangulizwa mbele ya okestra nzima, mara nyingi katika sehemu tatu, na huwa kuna mahali ambapo wote wananyamaza na yeye anabaki peke yake akionyesha uwezo wake. Mpenzi wa taarab asilia hahitaji kuelezwa mambo hayo. Ikhwani Safaa ilianzishwa Unguja mwaka 1905, Siti binti Saad alirekodi santuri Bombay mwaka 1928, na tangu enzi hizo msikilizaji wa pwani anajua ni nini maana ya kumsikiliza mpiga fidla akipamba sauti moja kabla ya waimbaji kuingia.

Konseto ya fidla ya Felix Mendelssohn, iliyopigwa kwa mara ya kwanza Leipzig mwaka 1845 na rafiki yake Ferdinand David, ndiyo ningemwelekeza msikilizaji huyo. Fidla haingoji okestra itoe utangulizi mrefu kama ilivyokuwa desturi ya wakati huo. Inaingia karibu mara moja, juu ya mawimbi mepesi ya ala za nyuzi, na tangu hapo haiachi kusema. Mahali pa kupiga peke yake Mendelssohn amepaweka katikati ya sehemu ya kwanza badala ya mwishoni, na sehemu zote tatu zimeunganishwa ili watu wasipate nafasi ya kupiga makofi kati yake: mwisho wa sehemu ya kwanza fagoti moja hushikilia noti wakati wengine wote wamenyamaza, na noti hiyo ndiyo inayotuvusha kwenda sehemu ya pili. Kazi nzima haifiki nusu saa.

Hata hivyo, tofauti na taarab zipo, na ni heri kuzijua mapema kuliko kuvunjika moyo ukumbini. Mpiga fidla wa taarab anaweza kukaa kati ya noti mbili za kinanda, kama makamu, yaani ngazi za noti za Kiarabu, zinavyotaka, na anaweza kubuni papo hapo. Katika konseto hii kila noti imeandikwa, hata ile sehemu ya upweke inayosikika kana kwamba imezuka ghafla. Katika taarab fidla zote hutembea pamoja kwenye mstari mmoja wa wimbo, ilhali katika okestra ya simfonia ala za nyuzi zimegawanyika makundi matano yanayofanya kazi tofauti kwa wakati uleule. Anayejaribu kuyafuata yote mara ya kwanza atachoka. Amfuate mpigaji wa mbele tu, na mengine yatakuja yenyewe.

Konseto ya kwanza ya piano ya Pyotr Tchaikovsky ni kinyume cha hiyo karibu kwa kila kipimo. Ni ndefu zaidi, takriban dakika 35, ina sauti kubwa, na inaanza kwa baragumu za shaba zikifuatwa na piano inayogonga juu na chini ya kibao chake chote. Mwishoni mwa mwaka 1874 Tchaikovsky aliipiga kazi hiyo mbele ya Nikolai Rubinstein, mkuu wa chuo cha muziki cha Moscow, naye akamwambia kwamba haifai. Mtunzi akakataa kubadili hata noti moja, akampa mpiga piano Mjerumani Hans von Bülow, na kazi hiyo ikasikika kwanza Boston tarehe 25 Oktoba 1875. Ni vyema msikilizaji ajue kwamba ule wimbo mkubwa wa mwanzo, ambao wengi wanaujua kwa kuusikia kwenye redio na matangazo, humalizika baada ya dakika chache na haurudi tena kamwe, hata mwishoni. Wanaokwenda kwa ajili yake pekee hukaa nusu saa wakiungoja.

Kwa mtu wa taarab sioni sababu ya kusita: achukue Mendelssohn. Tchaikovsky ningemwachia mpiga kinanda wa kanisani na mwanafunzi wa piano, ambao watapata raha ya ziada ya kutazama mikono.

Simfonia mbili: Beethoven ya Tano na Dvořák ya Tisa

Hapa ndipo ratiba nyingi humtaka mgeni aanzie, na hapa ndipo ninapodhani wengi hupotezwa. Simfonia, yaani kazi ndefu ya okestra nzima yenye sehemu kadhaa, kwa kawaida haina maneno, haina mwimbaji, na mara nyingi huchukua kati ya dakika 30 na 45, kwa hiyo anayeingia bila kitu cha kushika hubaki akihesabu taa za darini. Kitu cha kushika, hata hivyo, kipo, na mtu wa dansi anacho tayari.

Msikilizaji aliyelelewa na DDC Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, au na Msondo Ngoma, anajua kwamba wimbo mzuri hauanzi na kila kitu. Unaanza na maneno, magitaa yakizungumza taratibu, na wapulizaji wanakaa na ala zao mapajani hadi wakati wao ufike, na wakati huo ndio watu wanaoungoja. Simfonia ya Tano ya Beethoven imejengwa hivyohivyo. Ile noti fupi tatu na moja ndefu inayojulikana na kila mtu ni mlango tu. Mtunzi ameziweka tromboni jukwaani na kuzinyima kazi kwa sehemu tatu nzima. Mwishoni mwa sehemu ya tatu muziki hushuka hadi kubaki timpani ikigonga kwa upole chini ya nyuzi, kisha bila kusimama sauti hupanda na kuangukia sehemu ya nne, na tromboni, filimbi ndogo kali na fagoti kubwa huingia kwa mara ya kwanza zote kwa pamoja. Simfonia hiyo haikuwa maarufu mara moja. Ilipigwa Vienna tarehe 22 Desemba 1808, katika ukumbi wenye baridi kali, ndani ya onyesho lililochukua takriban saa nne na lililojaa kazi nyingine mpya za Beethoven, na wapigaji hawakuwa wamefanya mazoezi ya kutosha.

Simfonia ya Tisa ya Antonín Dvořák ina historia iliyo karibu zaidi nasi. Mtunzi huyo wa Bohemia, ambayo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki, alialikwa kuongoza chuo cha muziki New York kuanzia mwaka 1892, na huko mwanafunzi mweusi aitwaye Harry Burleigh alimwimbia nyimbo za kiroho ambazo babu yake, aliyekuwa mtumwa, alimfundisha. Dvořák alitangaza hadharani kwamba muziki wa Marekani wa siku zijazo ujengwe juu ya nyimbo za watu weusi, kauli iliyowakera wengi, na tarehe 16 Desemba 1893 simfonia yake ikapigwa Carnegie Hall. Hakunukuu wimbo wowote wa kiroho kama ulivyo. Alitunga nyimbo zake mwenyewe kwa kufuata roho ya nyimbo hizo, akipendelea ngazi ya noti tano inayosikika pia katika nyimbo nyingi za Afrika. Sehemu ya pili, ya polepole, inaongozwa na ala iitwayo pembe ya Kiingereza, ambayo kwa kweli ni oboe ndefu yenye sauti ya huzuni, na wimbo wake baadaye ulitiwa maneno na kuimbwa makanisani. Mpenda mizaha amtazame mpiga matoazi: katika dakika zote 40 na zaidi anapiga mara moja tu, katika sehemu ya nne, tena kwa upole.

Kwa hiyo, kinyume na ushauri wa kawaida, Beethoven ningempa mtu wa dansi, ambaye anajua kungoja, na wengine wote ningewapa Dvořák kwanza, kwa sababu nyimbo zake zinaimbika na anayesahau mengine yote atatoka ukumbini na ule wa sehemu ya pili mdomoni. Kama okestra imeziweka zote mbili katika msimu mmoja na nafasi ni moja, angalia pia kilichowekwa pembeni yake. Beethoven ya Tano ni fupi, kwa hiyo karibu kila mara huambatana na konseto kabla ya mapumziko, na anayekwenda kwa ajili ya simfonia anaweza kujipatia na fidla kwa tiketi ileile.

Watoto, na filamu

Onyesho la watoto huwa na moja kati ya kazi mbili. Petro na Mbwa Mwitu ya Sergei Prokofiev, ya Moscow mwaka 1936, ni hadithi yenye msimulizi, na kila mhusika ana ala yake: ndege ni filimbi, bata ni oboe, paka ni klarineti, babu ni fagoti, mbwa mwitu ni baragumu tatu za shaba, na Petro mwenyewe ni ala zote za nyuzi. Kazi ya Benjamin Britten ya kuwafundisha vijana okestra, iliyosikika kwanza Liverpool mwaka 1946, haina hadithi; inachukua wimbo wa Henry Purcell wa karne ya 17, inaupitisha kwa kila kundi la ala, kisha inawarudisha wote kwa kasi wakifukuzana hadi wimbo wa Purcell unaporudi juu yao. Mtoto wa chekechea na wa madarasa ya chini apelekwe kwa Prokofiev, na ikiwa onyesho ni la Kiingereza mzazi amsimulie hadithi nyumbani kwa Kiswahili kabla ya kwenda, kwa kuwa hadithi ni fupi na haipotezi utamu kwa kujulikana. Aliye darasa la tano na kuendelea atachoshwa na bata na kufurahishwa na Britten. Mtu mzima asiyejua kutofautisha oboe na klarineti naye aende kwa Britten bila aibu. Ni kazi ya takriban dakika 17 na hakuna darasa zuri zaidi ya hilo.

Kuhusu jioni za filamu sina mengi. Filamu nzima huonyeshwa kwenye turubai na okestra hupiga muziki wake hapohapo, na ufundi wa mwongozaji kwenda sambamba na picha ni wa kustaajabisha, lakini baada ya dakika kumi macho hushinda masikio na wapigaji 70 husahaulika. Aende anayeipenda filamu yenyewe.

Watunzi weusi: Florence Price au Fela Sowande

Simfonia ya kwanza ya Florence Price ilipigwa na Chicago Symphony Orchestra tarehe 15 Juni 1933, ikawa simfonia ya kwanza ya mwanamke mweusi kupigwa na okestra kubwa ya Marekani. Heshima hiyo haikumfungulia milango mingi. Mwaka 1943 alimwandikia Serge Koussevitzky, mwongozaji wa okestra ya Boston, akimweleza wazi kwamba ana vikwazo viwili, jinsia yake na rangi yake, na kumwomba aitazame kazi yenyewe. Koussevitzky hakuwahi kuipiga simfonia yake yoyote. Price alifariki mwaka 1953, na sehemu kubwa ya maandishi yake ilipatikana mwaka 2009 katika nyumba iliyotelekezwa jimboni Illinois. Anayeijua Dvořák atasikia ukoo katika simfonia hii, lakini sehemu ya tatu ni ya Price mwenyewe: ni juba, ngoma ya watumwa wa mashambani iliyopigwa kwa makofi na mapaja kwa sababu walikatazwa ngoma halisi.

Fela Sowande wa Nigeria, aliyeishi kati ya mwaka 1905 na 1987, aliandika African Suite mwaka 1944 kwa ala za nyuzi na kinubi tu. Ina sehemu tano fupi, ya kwanza ikiwa imejengwa juu ya wimbo wa Ephraim Amu wa Ghana na ya mwisho ikitembea kwa mwendo wa hailaifu, muziki wa dansi wa Afrika Magharibi. Kwa kuwa haihitaji wapulizaji wala ngoma, ndiyo inayoweza kupigwa na kundi dogo, hata la wapigaji wasiozidi 20, na kwa sababu hiyo naiona kuwa kazi ambayo mkazi wa Dar es Salaam ana uwezekano wa kuisikia hapahapa kuliko zote nilizozitaja. Wanaodhani kwamba okestra kamili haiwezekani katika ukanda huu wakumbuke Kinshasa, ambako Armand Diangienda alianzisha okestra ya simfonia ya kanisa la Kimbangu mwaka 1994, wapigaji wakipokezana ala chache zilizokuwapo.

Kati ya hawa wawili, Price ndiye mwenye kazi kubwa na nzito zaidi, na ningempa jioni yake kamili. Sowande ningemsikiliza popote atakapotokea, hata kama amewekwa kama kifungulio tu kabla ya kazi ya mtu mwingine.

Ukumbini au kwenye skrini

Kama uchaguzi ni kati ya kwenda na kutazama kwenye intaneti, si kazi zote zinazopoteza kiasi kilekile. Kwaya hupoteza sana, kwa sababu watu 80 wakiimba kwa pamoja hawaingii katika spika ya simu, na besi ndizo zinazokufa kwanza; anayelazimika kuitazama Misa ya Wafu kwenye simu atafute walau vipokea sauti vya kuvaa masikioni. Konseto, kwa upande mwingine, hufaidika na kamera, kwa kuwa mtazamaji wa nyumbani huona vidole ambavyo aliyekaa nyuma ya ukumbi havioni. Safari na tiketi, basi, zitumike kwa kwaya na simfonia, na konseto ndiyo iachiwe skrini.

Aliyezoea taarab na azuie mkono wake: hakuna kutunza, hakuna kusimama katikati ya kazi, na makofi hungojwa hadi sehemu zote zimalizike, ishara yake ikiwa ni mwongozaji kushusha mikono na kuigeukia hadhira. Mlango hufungwa muziki unapoanza, na aliyechelewa husimama nje hadi kazi ya kwanza iishe, kwa hiyo visingizio vya foleni vinavyokubalika mjini kwetu havisaidii huko. Viti vya mbele kabisa si bora hata kama ni ghali, kwani anayekaa hapo husikia fidla za kwanza na mengine humpita juu. Viti vya ghorofani mbele huchanganya sauti vizuri zaidi na mara nyingi ni vya bei nafuu. Kwa piano ya Tchaikovsky pekee, chukua kiti cha upande wa kushoto unapolitazama jukwaa, kwa sababu kinanda hukaa upande huo na mikono ya mpigaji huonekana yote.